Kihispania cha Hospitali Kipitie Kiswahili

Wahenga walinena kuwa adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Methali hii hutumiwa kuwakumbusha watu wasiupuuze msiba wa mwenzao, lakini inabeba pia ukweli ambao mwanafunzi wa lugha hana budi kuuzingatia: maumivu anayajua anayeumwa. Mashine hupima joto la mwili, mapigo ya moyo na msukumo wa damu, ila hakuna mashine inayoeleza jinsi tumbo linavyosokota au jinsi mguu unavyokufa ganzi. Habari hizo hutoka kinywani mwa mgonjwa, na hutoka kwa lugha aliyo nayo. Lugha hiyo ikimpita daktari kando, tiba huanza kwa kubahatisha.

Katika miaka ya karibuni, suala hili la lugha ya daktari na mgonjwa liliingia Kenya kwa sura ambayo wengi hawakuitarajia, yaani sura ya Kihispania. Mwezi Juni 2018, madaktari 100 kutoka Kuba waliwasili nchini kwa mkataba baina ya serikali mbili, wakasambazwa katika hospitali za kaunti. Chini ya ushirikiano huohuo, madaktari wa Kenya walipelekwa Kuba kusomea tiba ya familia, nao wakalazimika kujifunza lugha ya wenyeji wao. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kwamba mpango wa kuwaleta madaktari wa Kuba hautaendelezwa. Hata hivyo, haja ya lugha haikumalizika pamoja na mkataba. Chuo cha tiba cha Amerika ya Kilatini kilichoko Havana, ambacho kilifunguliwa 1999, kimefunza vijana kutoka nchi nyingi za Afrika, na somo lolote hapo husomwa kwa Kihispania. Isitoshe, wauguzi wa Kenya wanaofanya kazi Marekani hukutana na wagonjwa wasemao Kihispania kila uchao, kwa kuwa nchini humo watu zaidi ya milioni 40 hutumia lugha hiyo nyumbani kwao.

Mkenya anayejifunza Kihispania cha hospitali basi yupo, na ana sababu. Tatizo ni njia anayopitishwa. Vitabu vingi vinavyomfikia vimetungwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiingereza. Humlazimu atoke katika Kiswahili, aingie katika Kiingereza, kisha avuke kwenda Kihispania, na katika kila kivuko kitu fulani hudondoka. Makala haya yanashikilia kwamba mzunguko huo unachosha, na kwamba hospitalini una hatari. Kiswahili kimeachwa nje ya darasa ilhali ndicho daraja fupi zaidi alilo nalo mwanafunzi huyo.

Kiungo ndicho kitendaji

Sentensi ya kwanza ambayo kila mgonjwa huhitaji ni ile ya kutaja panapouma. Mhispania husema "me duele la cabeza". Msemaji wa Kiingereza hutatizika hapa, kwa sababu katika lugha yake mgonjwa ndiye kiima: yeye ndiye mwenye maumivu ya kichwa. Vitabu vyake hutumia kurasa nyingi kumweleza kwamba katika Kihispania mambo yamegeuzwa, na kwamba kichwa ndicho kinachotenda.

Mwanafunzi wa Kiswahili hana cha kugeuziwa. Yeye amesema "kichwa kinaniuma" tangu utotoni. Kiambishi ki- kinasimamia kichwa, ambacho ndicho kitendaji. -Ni- inamsimamia mgonjwa, ambaye ndiye mtendwa. Na -uma ndilo shina la kitenzi. Katika "me duele la cabeza", "me" inafanya kazi ya -ni-, "duele" inafanya kazi ya kitenzi, na "la cabeza" ni kichwa. Viungo vikiwa zaidi ya kimoja, kitenzi hubadilika kupatana navyo: "me duele la rodilla" ni goti linaniuma, na "me duelen las rodillas" ni magoti yananiuma. Upatanisho wa kisarufi ambao umewatoa jasho wanafunzi wengi wa kigeni wa Kiswahili humfaa mwenyeji wake hapa bila gharama. Akitaka kumsemea mtoto, hubadilisha kiwakilishi tu: "le duele el oído", sikio linamuuma.

Aidha, Mhispania hasemi kichwa "changu". Hutosheka na kusema kichwa, kwa kuwa kiwakilishi "me" kimeshaonyesha mwenyewe ni nani. Ndivyo afanyavyo Mswahili. Anayesema "kichwa changu kinaniuma" husikika kana kwamba angeweza kuumwa na kichwa cha jirani.

Hali kadhalika, mambo mengi ambayo Kiingereza hueleza kwa kitenzi cha kuwa, Kihispania na Kiswahili hueleza kwa kitenzi cha kumiliki. "Tengo hambre" ni nina njaa. "Tengo sed" ni nina kiu. Umri nao huingia humo humo: "tengo treinta años" ni nina miaka 30. Hapa pana onyo dogo la tahajia. Neno "año", lenye maana ya mwaka, likiandikwa bila kile kiwimbi kilicho juu ya herufi n, hugeuka kuwa jina la tundu la haja kubwa. Karani wa hospitali anayejaza fomu kwa haraka angefaa kulikumbuka.

Lugha hizi mbili zinakutana pia katika msamiati, na mkutano wenyewe ni wa zamani. Zote zilikopa kutoka Kiarabu, moja katika Rasi ya Iberia na nyingine katika pwani ya Afrika Mashariki. "Azúcar" na sukari ni watoto wa neno moja. Jambo la kupendeza zaidi ni kwamba wagonjwa wa pande zote mbili wamelitumia neno hilo kuutaja ugonjwa uleule. Mzee wa Kenya husema ana sukari. Bibi wa Meksiko husema ana "azúcar". Mmoja husema ana presha, na mwingine hulalamikia "la presión". Daktari aliyezoea istilahi za vitabuni huenda akashangaa, lakini mwanafunzi aliyelelewa katika Kiswahili cha mtaani ataelewa papo hapo.

Mitego ya kupitia Kiingereza

Faida ya pili ya daraja la Kiswahili ni kwamba halina mashimo ambayo Kiingereza kimeyachimba. Kihispania na Kiingereza vimechota maneno mengi kutoka Kilatini, na maneno hayo hufanana sura ilhali maana zimefarakana. "Embarazada" humfanya mpitaji wa Kiingereza adhani mgonjwa ameona haya, kumbe mama ni mjamzito. "Constipado" humpeleka kwenye kufunga choo, kumbe nchini Hispania mtu asemaye "estoy constipado" ana mafua. Aliyefunga choo huitwa "estreñido". Mswahili anayejifunza maneno haya moja kwa moja hana sababu ya kukosea, kwa kuwa hakuna neno la Kiswahili linalojifananiza nayo.

Yeyote anayedhani kuwa haya ni mambo ya kuchekesha darasani na azingatie lililotokea Florida, Marekani, mwezi Januari 1980. Kijana wa miaka 18 wa familia yenye asili ya Kuba alifikishwa hospitalini akiwa hajitambui. Watu wake walitumia neno "intoxicado". Kwa Wakuba, neno hilo humtaja mtu aliyedhurika kwa kitu alichokula au kunywa. Halina lawama yoyote ya ulevi ndani yake. Wahudumu walilisikia kwa masikio ya Kiingereza, ambamo neno linalofanana nalo humaanisha kulewa, wakamtibu kama mtu aliyezidisha dawa za kulevya. Kumbe damu ilikuwa ikivuja ndani ya ubongo wake. Ukweli ulipojulikana muda ulikuwa umeyoyoma, na kijana akapooza mikono na miguu. Kesi iliyofuata iliishia kwa fidia iliyokadiriwa kufikia dola milioni 71 kwa muda wote wa maisha yake. Mkalimani hakuitwa kwa sababu kila upande uliamini kuwa umeelewana na mwenzake.

Mkasa huo unastahili kufundishwa katika kila darasa la tafsiri. Aliyeharibu mambo hakuwa mtu asiyejua neno. Alikuwa mtu aliyedhani analijua. Asiyejua huuliza. Anayedhani anajua huandika dawa.

Kosa hili halikomei katika mazungumzo. Neno la Kiingereza "once", ambalo ni mara moja, huandikwa kwa herufi zilezile za neno la Kihispania lenye maana ya kumi na moja. Likisazwa bila kutafsiriwa katika kibandiko cha dawa, msomaji wa Kihispania anaweza kuamini kwamba ameagizwa kumeza vidonge kumi na moja mahali pa kimoja. Utafiti kuhusu maduka ya dawa ya eneo la Bronx, New York, uliochapishwa 2010, ulikuta makosa katika takribani nusu ya vibandiko vya Kihispania vilivyotolewa kwa kompyuta. Wakati huu ambapo simu ya kila mwanafunzi ina programu ya kutafsiri, funzo hilo halijachakaa. Programu hizo zimeboreka sana na husaidia panapokosekana mtu. Hata hivyo, haiwezi kumwuliza mgonjwa anamaanisha nini, na hilo ndilo swali lenye uzito kuliko yote.

Mitego ya Kiswahili chenyewe

Si haki kukisifu Kiswahili kana kwamba hakina mapengo. Kinayo, na mwalimu mwaminifu atayataja mapema. Mguu wa Mswahili huanzia kiunoni ukaishia kwenye vidole. Mhispania huugawa kuwa "pierna" na "pie", yaani sehemu ya juu na ile ya kukanyagia. Mkono nao hugawanywa kuwa "brazo" na "mano". Mgonjwa akisema mguu umevimba, mkalimani wa Kiswahili hana budi kuuliza ni wapi hasa kabla hajafungua kinywa kwa Kihispania, maana uvimbe wa wayo na uvimbe wa paja huenda ukawa na visababishi tofauti kabisa.

Neno homa ni mtego mwingine. Wakenya wengi husema wana homa wakimaanisha mafua. Wengine humaanisha joto la mwili lililopanda, na wengine humaanisha malaria. "Fiebre" ni joto la mwili peke yake. Mafua yana majina yake, "gripe" au "gripa" kutegemea nchi. Atakayetafsiri homa kuwa "fiebre" bila kuuliza atampa daktari dalili ambayo mgonjwa hakuitaja.

Hatari zaidi ni misemo inayotaja kiungo kisichohusika. Mswahili anayetaka kutapika husema moyo unamchafuka. Akitafsiriwa neno kwa neno, "corazón" litatajwa, na mgonjwa wa tumbo ataanza kupimwa moyo. Analotaka kusema ni "tengo náuseas". Vivyo hivyo, chembe cha moyo ni mahali pa juu ya tumbo, chini ya kidari. Mhispania hupaita "la boca del estómago", yaani mdomo wa tumbo. Lugha moja imetaja moyo na nyingine imetaja mdomo, na zote mbili zinaonyesha mahali pamoja kwa kidole kimoja.

Mitego hii inatofautiana na ile ya Kiingereza kwa jambo moja la msingi. Mitego ya Kiingereza humnasa mtu asiyeijua lugha ya mgonjwa. Mitego ya Kiswahili iko katika lugha ambayo mwanafunzi anaimudu, na anayeimudu lugha anaweza kufunzwa kuishtukia. Uchanganuzi wa aina hiyo ndio hasa kazi ya semantiki, somo ambalo wanafunzi wa Kiswahili hulifanyia mtihani kila mwaka bila kujua kwamba laweza kumwokoa mtu.

Kusikia kabla ya kusema

Kasoro nyingine ya vitabu vilivyozoeleka ni kuanza na maswali ya daktari. Ukurasa wa kwanza humfunza mwanafunzi kuuliza "¿dónde le duele?", unaumwa wapi? Hulikariri swali hilo kwa lafudhi safi, akajiona amefuzu. Kisha mgonjwa hujibu: "Pues mire, doctor, desde el domingo me viene como un ardor aquí en la boca del estómago, y cuando como se me quita un rato, pero por la noche me vuelve."

Maana yake ni hii: Tazama daktari, tangu Jumapili nasikia kama mwako hapa kwenye chembe cha moyo, nikila hutulia kidogo, lakini usiku hurudi. Mwanafunzi aliyekariri swali atanasa neno "estómago" na kuandika kuwa mgonjwa anaumwa na tumbo. Atakuwa hajakosea, na atakuwa ameyapoteza yote yenye thamani. Mwako unaotulizwa na chakula na kurejea usiku ni miongoni mwa dalili zinazomfanya daktari ashuku vidonda vya tumbo. Habari hiyo ilikuwa katika maneno madogo: tangu, nikila, lakini, usiku. Vitabu vya misemo havifundishi maneno madogo, kwa sababu havijashughulika na jibu.

Kwa hiyo mafunzo yanafaa kuanzia kinywani mwa mgonjwa. Mwanafunzi asikilize kwanza namna maumivu yanavyosimuliwa, na hapa tena Kiswahili kitamsaidia. Mswahili husema tumbo linamsokota. Mhispania husema ana "retortijones", neno lililotokana na kitenzi cha kusokota. Mswahili husema mwili unamtambaa. Mhispania husema "hormigueo", kutokana na "hormiga", yaani sisimizi. Mwako ni "ardor". Mchomo kama wa sindano ni "punzada". Kizunguzungu ni "mareo". Akipangiwa maneno haya kwa taswira zake, mwanafunzi atayakumbuka kwa urahisi kuliko orodha ndefu ya majina ya mifupa ambayo hakuna mgonjwa anayeyataja.

Fauka ya hayo, ni sharti afunzwe kwamba Kihispania si kimoja. Kiungulia huitwa "acidez" mahali pengi, na Wameksiko hukiita "agruras". Yapo pia maradhi ambayo hayamo katika vitabu vya tiba lakini yamo vinywani mwa watu. Mama wa Amerika ya Kilatini aweza kusema mwanawe ana "empacho", akiamini chakula kimekwama tumboni, au amepatwa na "mal de ojo". Daktari aliyefunzwa Ulaya hukunja uso. Mswahili anayeijua hofu ya kijicho hatahitaji maelezo marefu, naye atauliza swali linalofaa: Mtoto alianza lini, na anaendesha au anatapika?

Suala la adabu nalo lina nafasi yake. Kihispania kina "tú" cha kuwaita rika na "usted" cha kuheshimu, japo mipaka ya matumizi hubadilika toka nchi hadi nchi. Kiswahili sanifu hakibadilishi kiambishi cha nafsi kwa ajili ya heshima. Huihifadhi katika maneno kama mama, baba na mzee. Muuguzi ambaye hangethubutu kumwuliza bibi kizee "wewe unaumwa wapi?" bila kumwita mama, hatapoteza kitu akianza na "usted" mpaka aambiwe vinginevyo. Mgonjwa aliyeheshimiwa husema zaidi, na anayesema zaidi hutibiwa vyema zaidi.

Mpaka wa maneno machache

Wapo watakaopinga kwamba maneno machache ni hatari kuliko kutojua kabisa, na mkasa wa Florida unawapa nguvu. Pingamizi hilo ni zito, na jibu lake ni kuuchora mpaka waziwazi. Kihispania kidogo kinatosha kumsalimu mgonjwa, kumtuliza, kumwuliza anapoumwa na tangu lini, na kutambua kwamba hali ni ya dharura. Hakitoshi kumweleza matokeo ya vipimo, kupanga kipimo cha dawa, wala kumwomba idhini ya upasuaji. Hapo aitwe mkalimani aliyefunzwa. Asisukumwe mtoto wa mgonjwa kuifanya kazi hiyo. Mtoto huficha mambo ambayo mzazi anaona haya kuyataja, na huweza kubebeshwa habari ambayo hata mtu mzima ingemlemea.

Marekani imelishughulikia jambo hili kwa sheria. Sheria ya Haki za Raia ya 1964 ilikataza ubaguzi wa asili ya taifa katika huduma zinazopata fedha za serikali kuu. Agizo la rais la 2000 lilizitaka idara zihakikishe kwamba wasiojua Kiingereza vyema wanafikiwa na huduma. Agizo hilo lilifutwa mwaka 2025, lakini kanuni zilizotokana na sheria ya afya ya 2010 zilikwisha kuzuia hospitali kuwategemea watoto kama wakalimani isipokuwa katika dharura. Wakimbizi kutoka Kongo waliohamia nchi hiyo ni miongoni mwa wanaohitaji ulinzi huo, na wengi wao huomba mkalimani wa Kiswahili. Asiyekithamini Kiswahili hospitalini nyumbani huenda akashangaa kukuta kinatafutwa hospitalini ughaibuni.

Kazi iliyo mbele ya vyama vya Kiswahili

Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Vifungu hivi viwili vinakutana katika chumba cha daktari, ambako mganga aliyesomea Kiingereza humsikiliza mgonjwa asemaye Kiswahili au lugha ya mama. Ni kweli kwamba kwa Mturkana au Msomali wa mashambani Kiswahili nacho huenda kikawa lugha ya pili, na mkalimani akahitajika hata hapo. Hilo halipunguzi haja. Linaongeza idadi ya madaraja ya kujengwa.

Wataalamu wa istilahi wametoa majina ya Kiswahili ya magonjwa na vifaa vya tiba, na kazi yao ni ya kushukuriwa. Bado lugha ya mgonjwa mwenyewe haijakusanywa kwa uzito uleule: mwako, msokoto, mchomo, kupwita, kufa ganzi, kuchafukwa na moyo. Mkusanyo huo ndio unaohitajika kwanza, iwe lugha ya upande wa pili ni Kihispania, Kifaransa au Kisomali.

Vyuo vikuu kadhaa nchini Kenya hufundisha Kihispania, vingine vina skuli za tiba, na Kiswahili hakikosekani. Wanafunzi wa idara hizi hupishana kila siku wakielekea maktabani bila kushirikiana. Chama cha Kiswahili kinaweza kuwakutanisha watunge kitabu kidogo cha mfukoni, kilichopangwa kwa dalili na kuanza na kauli ya mgonjwa. Kila ukurasa uwe na usemi wa Kiswahili, usemi wa Kihispania, tofauti za nchi, na onyo la mtego pale ulipo. Wanafunzi wa tiba wahakikishe kwamba hakuna dalili iliyopotoshwa, na wale wa Kihispania wahakiki kwa wenyeji wa lugha. Kazi kama hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji masikio, na subira ya kuwauliza wagonjwa wanasemaje.

Atakayekwenda Havana kusomea udaktari, au Texas kufanya kazi ya uuguzi, ataondoka na sanduku na cheti. Angefaa kuondoka pia na kitabu kinachomwambia kwamba "me duele" anaijua tayari, kwa kuwa ameisema kwa Kiswahili tangu siku alipojua kulia na kutaja panapomuuma.